Risasi Isiyo Risasi

Kuna neno moja la Kiswahili lililonishughulisha sana miezi hii, nalo ni risasi. Sisi twalitumia kwa vitu viwili. Risasi ni metali ile laini, nzito, ya kijivu, ambayo wavuvi huifunga kwenye nyavu ili zizame, na ambayo imo ndani ya betri za magari. Tena risasi ni kile kitu kitokacho katika mtutu wa bunduki. Waliotuachia neno hili, tangu lilipotoka katika Kiarabu, hawakuona sababu ya kutenganisha, kwani kilichotoka mtutuni kilikuwa metali ile ile. Kwa hiyo mtu akisema "risasi ya shaba", kwa sikio la mzee ni kama amesema "chuma cha mbao".

Aliyeniletea maneno hayo nyumbani ni mwanafunzi wangu wa zamani. Alisoma katika chuo cha ualimu nilichokuwa nikikiongoza, akapata cheti, akafundisha miaka mitatu, kisha akaacha chaki na kwenda kufuata nyayo za wanyama katika kampuni moja ya uwindaji wa kitalii. Simlaumu. Mshahara wa mwalimu naujua. Alikuja jioni moja, akaniamkia, tukanywa chai, na mwishowe akatoa mfukoni kipande cha metali nyekundu inayong'aa, chenye urefu wa pingili mbili za kidole changu cha mwisho, kilichochongoka kama penseli.

"Mwalimu, hii ni risasi ya shaba tupu. Haina risasi ndani."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alikuwa amepewa na mgeni mmoja kutoka Marekani, mtu mwema kwa maelezo yake, msomi, aliyekuwa akiwaeleza jioni kwenye moto wa kambi jinsi risasi yake isivyodhuru ndege wala walaji wa nyama. Siku ya mwisho ya safari mgeni huyo aliona kongoni ng'ambo ya mbuga. Kifaa cha kupimia umbali kilionyesha mita 710. Mwindaji bingwa wa kampuni alisita kidogo, akasema wangeweza kusogea kwa kuzunguka msitu. Mgeni akajibu kwamba bunduki yake na risasi zake zimetengenezwa kwa umbali kama huo, akalala juu ya kichuguu, akafyatua. Kongoni yule alishtuka, kisha akaondoka mbio pamoja na wenzake. "Nimekosa," akasema mgeni. "Imepita juu."

Walikwenda kuangalia, kwa kuwa ndivyo desturi ilivyo. Jua lilikuwa linazama. Mwanafunzi wangu, ambaye ndiyo kazi yake, aliona unyoya wa kongoni umekatwa, na kama hatua hamsini mbele, juu ya jani, tone moja la damu lisilozidi punje ya dengu. Alipoinua macho, mwindaji bingwa alikuwa tayari anawaita warudi kwenye gari. Askari wa wanyamapori alikuwa amesimama upande mwingine wa mbuga.

Hapa ni lazima nieleze kitu kwa msomaji asiyejua kazi hii. Katika uwindaji wa kitalii hapa nchini, mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa sawa na aliyeuawa. Ada yake hulipwa, na nafasi yake katika leseni huwa imekwisha. Tone lile la dengu lilikuwa na bei.

"Mwalimu, sikudanganya," akaniambia. "Hakuna aliyeniuliza."

Nami nikamjibu upesi, kama nilivyokuwa nikiwajibu wanafunzi waliokuja ofisini na machozi: "Basi hukudanganya." Tukazungumza mambo ya watoto wake. Alipokwisha ondoka niliketi na kile kipande cha shaba mbele yangu, na usingizi ulikuja alfajiri. Nilikuwa nimejibu swali ambalo sikulijua. Basi nikaanza kulisoma.

Kichwa cha risasi cha kawaida cha kuwindia kina moyo wa risasi uliovikwa koti jembamba la shaba. Kikimgonga mnyama, ule moyo laini hupanuka na kumeguka, na vipande vyake vidogo, vingine kama vumbi, hutawanyika ndani ya nyama mbali na njia ya kidonda. Jicho halivioni, picha za eksirei huvionyesha kama nyota usiku. Mwaka 2008 katika jimbo la North Dakota nyama ya paa iliyokuwa imetolewa sadaka kwa maskini iliondolewa katika maghala ya chakula baada ya vipande hivyo kuonekana. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi mwilini kuwa ni salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, katika ubongo.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha kondori wa California, ndege mkubwa wa jamii ya walamizoga kama tumbusi wetu. Mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22 tu duniani. Mwaka 1987 wa porini wote walikuwa wamekamatwa ili wazalishwe vizimbani, na kuanzia 1992 wakaanza kurudishwa porini, ambako wengi waliuawa na risasi bila ya kupigwa risasi. (Lugha yetu, nasema, inanisaidia na kunichanganya kwa pamoja.) Walikula matumbo na mizoga iliyoachwa na wawindaji, na vile vipande vikayeyuka tumboni mwao. Serikali ya California ilipitisha sheria ya kwanza mwaka 2007 kwa maeneo ya kondori, ya pili mwaka 2013, na tangu tarehe 1 Julai 2019 hakuna kuwinda kwa risasi ya risasi katika jimbo lote. Leo kondori wamezidi 500, wa porini na wa vizimbani.

Shaba ndiyo iliyoingia mahali pa risasi. Si jambo jipya kabisa. Wafaransa walikuwa nayo jeshini tangu 1898, wakaiita Balle D, iliyotengenezwa kwa shaba yenye zinki kidogo, ncha kali na mkia uliopunguzwa ili ikate hewa na kwenda mbali. Kwa wawindaji anatajwa Mmarekani Randy Brooks, aliyepata wazo mwaka 1985 akiwa Alaska kuwinda dubu, na risasi yake ikaanza kuuzwa 1989. Ni shaba tupu, yenye tundu kwenye ncha. Ikiingia mwilini, umajimaji hujaa tunduni kwa nguvu na kuipasua ncha ikajikunja nyuma kwa petali nne, mithili ya ua linalochanua. Haimeguki ovyo. Huua, hupita au hubaki nzima, na nyama hubaki safi.

Mimi nilifundisha Hisabati, na msomaji aniwie radhi nikikaa kidogo hapa, maana penye hesabu ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Sentimeta moja ya ujazo ya risasi ina uzito wa gramu 11.34, ya shaba ina gramu 8.96. Ukitaka kichwa cha shaba kiwe na uzito ule ule katika mtutu ule ule, huna budi kukirefusha. Na kitu kirefu hakitulii hewani mpaka kizungushwe kwa kasi zaidi. Mtoto anayecheza pia analijua hili kwa mkono: pia ikipungukiwa na mzunguko huanza kuyumba. Mwingereza mmoja, Greenhill, aliyefundisha Hisabati katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, alitoa kanuni ya jambo hili mwaka 1879. Kwa hiyo mitutu ya bunduki za masafa hukatwa mifereji inayozunguka kwa kukaza zaidi, na risasi ndefu ya shaba iliyochongwa kwa mashine, kila moja sawasawa na mwenzake, hukata hewa vizuri ajabu. Mwaka 2022 katika jimbo la Wyoming kundi la wapiga shabaha liligonga bati lililokuwa zaidi ya kilomita 7 mbali. Walipiga mara 69. Risasi iliyogonga ilikaa hewani zaidi ya sekunde 24.

Jambo hilo mimi nalisifu. Bati halina damu. Kukosa mara 68 na kuandika kila kosa daftarini ni elimu safi kabisa, na ningekuwa kijana ningependa kuiona.

Lakini kongoni si bati. Risasi ile ile ya shaba ikitumiwa kwa mnyama inahitaji kasi ili ichanue. Risasi laini ya zamani hupasuka hata ikiwa imechoka. Shaba ni ngumu, haikubali kufunguka kwa mwendo wa pole. Watengenezaji wenyewe huandika kiwango cha chini, wengi wao karibu mita 500 hadi 600 kwa sekunde. Bunduki nyingi zenye nguvu za kuwindia huitoa risasi mtutuni kwa kama mita 900 kwa sekunde, na hewa huila kasi hiyo kila hatua. Kufikia mita 700 iko penye mpaka ule, au imekwisha uvuka. Haichanui tena. Hupenya kama sindano ya kushonea magunia, ikaacha tundu dogo huku na tundu dogo kule, na damu kidogo sana. Damu kama punje ya dengu.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Mgeni yule alikuwa hajasema uongo aliposema amekosa. Hakuona kitu. Mwindaji bingwa naye hakuona kitu. Risasi iliyotengenezwa ili isiache sumu ilikuwa imefika mahali ambapo haiachi hata alama.

Wenye kutetea kupiga kutoka mbali wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Husema mpigaji aliyejifunza miaka mingi akiwa mita 700 ni bora kuliko mzembe aliye mita 70. Ni kweli. Wala nisijifanye kwamba wazee wangu walikuwa malaika. Nimekulia kijijini ambako mjomba wangu alikuwa na gobore, analishindilia baruti na vipande vya nondo, na nimemwona akirudi mikono mitupu mara ambazo sisi watoto tulijua fika kwamba mnyama amekwenda na vyuma mwilini kuozea porini. Kwa hesabu ya maumivu, gobore lile lilikuwa na dhambi nyingi kuliko bunduki ya mgeni.

Hata hivyo, mjomba hakuweza kusema hakujua. Alipiga kwa hatua thelathini. Alimwona mnyama akijikunja, alisikia sauti yake. Aliporudi nyumbani siku kama hiyo hakula vizuri. Umbali haukumpa nafasi ya kuchagua kutojua.

Kwa mita 700 risasi hukaa hewani kama sekunde moja, na katika sekunde hiyo hushuka zaidi ya mita tatu, jambo ambalo darubini hulirekebisha. Upepo mwepesi wa kutikisa nyasi huweza kuisukuma kando zaidi ya nusu mita, jambo ambalo mpigaji hulikadiria kwa macho. Na mnyama huweza kupiga hatua moja. Hilo halirekebishwi na chombo chochote, kwani kongoni akipiga hatua risasi imekwisha toka. Hata fundi aliye bora kuliko wote, sekunde ile si mali yake. Mlio wenyewe humfikia mnyama baada ya risasi. Basi ule ustadi wote wanaousifu unahusu kila kitu isipokuwa yule anayepigwa.

Sheria za vita zinatufundisha jambo hapa, ingawa kwa njia ya kinyume. Mwaka 1899 mataifa yaliyokutana mjini Hague yalitoa azimio la kukataza vitani risasi zinazochanua au kubapa mwilini mwa binadamu. Yaliona ni ukatili. Nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani wawindaji wameachwa nyuma kimaadili, maana wao hutaka risasi ichanue, na penginepo sheria huwalazimisha. Nilifikiri zaidi nikaona sivyo. Askari aliyetobolewa tundu dogo ana wenzake wa kumbeba, ana daktari, huenda akapona na kurudi kwao. Kongoni hana hospitali. Kwake yeye risasi ya huruma ni ile imalizayo kazi, na risasi isiyochanua ndiyo ukatili. Kwa hiyo yule aliyempiga kwa umbali ambapo shaba haichanui alimpa mnyama kidonda cha vitani bila matibabu ya vitani.

Wamarekani wenyewe wana klabu ya zamani ya wawindaji, Boone and Crockett, iliyoanzishwa 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake. Klabu hiyo imetoa msimamo kwamba suala si idadi ya mita bali ni nia: mtu anayempiga mnyama ili kujaribu zana zake na kuona zinafika wapi, huyo hawindi. Nimeupenda msimamo huo, japo mwanzilishi wake ninamkumbuka kwa jambo lingine. Aliposhuka Mombasa mwezi Aprili 1909, yeye na mwanawe Kermit walipiga wanyama 512 kabla ya kumaliza safari yao ya Afrika. Nia ni kitu kigumu kupima.

Na ndipo ninapomrudia yule mgeni, ambaye nasisitiza simwoni kuwa mtu mbaya. Alinunua risasi ya bei kubwa kwa ajili ya tumbusi asiowajua. Hilo ni jema, na hapa kwetu, ambako tumbusi wanauawa kwa mizoga iliyotiwa sumu, laiti wangekuwapo wengi wa kuwafikiria. Ninachokiogopa ni kwamba wema huo ulimtuliza mapema. Mtu aliyekwisha kulipia dhamiri yake dukani huweza kuifyatua bunduki kana kwamba deni limekwisha lipwa. Alichunga ndege atakayekula matumbo. Hakumchunga mwenye matumbo.

Nilipokuwa kijana nilipitia Jeshi la Kujenga Taifa kama wenzangu wa wakati ule. Siku ya shabaha, tukiisha kupiga na bunduki zikishakaguliwa, afande alituamuru tukimbie mmoja mmoja hadi kwenye mbao tukaweke kidole katika kila tundu tulilolitoboa. Wengine hatukuwa na tundu hata moja, na tulikimbia vile vile, mbele ya macho ya kombania nzima, kwenda kugusa karatasi nzima. Wakati huo niliona ni mateso tu ya kijeshi. Sasa sioni njia nyingine ambayo mtu angeweza kujua amefanya nini.

Mgeni hakwenda kuweka kidole. Walikwenda wengine kwa niaba yake, nao walikuwa na haraka, na aliyeona kwa kweli alikuwa ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote. Hivyo ndivyo umbali unavyofanya kazi yake. Humwondolea aliyefyatua ule ujuzi, na kuuacha uende kukaa kwa mtu wa mwisho, asiye na bunduki wala leseni, awe nao peke yake. Kisha sisi wazee tunaketi kwenye viti vyetu na kumwambia hakudanganya.

Nilimpigia simu baada ya wiki tatu. Nilimwambia kwamba jibu langu lilikuwa la haraka na kwamba naliondoa. Nilimweleza habari ya kasi na ya kuchanua, jinsi tone moja la damu kwa risasi ile lisivyomaanisha jeraha dogo, na kwamba pengine kongoni yule alilala umbali wa kilomita moja tu, na wangempata asubuhi kama wangeambiwa. Nilikuwa nimejitayarisha kumwambia pia kwamba sehemu kubwa ya lawama si yake.

Alinyamaza kitambo kirefu nikadhani simu imekatika.

"Mwalimu," akasema, "kuna jambo sikukueleza siku ile. Lile jani nililing'oa. Niliona askari anaanza kuja upande wangu, nikaling'oa, nikalitia mfukoni."

Nilimwuliza alilifanyia nini. Akasema lilikaa katika suruali ya kazi mpaka mkewe alipofua, na mkewe alimwuliza ni jani la dawa gani. Nilimwuliza kama amemwambia mtu mwingine yeyote. Akasema hapana, mimi na mkewe tu, na kwamba msimu utakapofunguliwa mwezi wa saba atarudi kazini, kitalu kile kile, na mwindaji bingwa yule yule. Kisha akaniuliza kama ile risasi bado ninayo, na kama ningependa aje kuichukua. Nikamwambia aje.